"Accessorize" na mshipi wa gomesi

Dada, umeuliza kama tangazo la duka linalosema "accessorize your kitenge" linakutaka ununue gauni jingine, na kama mshipi wa gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, nao unahesabika humo. Nauza nguo za kike hapa Kampala, na kitenzi hiki nakisikia sana kwa wateja. Gauni jingine hulihitaji. Unaambiwa ukiongezee kitenge ulicho nacho vitu vya kukipendezesha: hereni, mkufu, bangili, mkanda, mkoba, skafu, hata kofia.

Maana ni nyepesi. Watu hukwama kwenye matumizi. Kinachofuata kitenzi hiki ni vazi au mvaaji, si pambo. Ukisema "I want to accessorize a necklace", umesema mkufu ndio unaotafutiwa mapambo! Sema "accessorize the dress with a necklace", maana "with" ndiyo inayoleta pambo. Kinaweza pia kusimama peke yake: "she knows how to accessorize", yaani anajua kuchagua vitu vinavyoendana na nguo yake. Ukikuta s mahali pa z, hiyo ni tahajia ya Uingereza tu. Na usishtuke ukisikia "accessory" mahakamani. Pale ni mtu aliyemsaidia mhalifu.

Kuhusu gomesi, mimi nasema mshipi si pambo, na hapa nabishana hata na wauzaji wenzangu. Vazi hilo, lililopata jina kwa Gomes, fundi cherehani Mgoa, linashikwa kiunoni na kile kitambaa kipana. Kifungue uone: gomesi inalegea, hutembei. Hereni na mkoba ukivisahau nyumbani, bado umevaa gomesi kamili na utaingia kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, bila mtu kuguna. Kanzu ya mwanamume ni vivyo hivyo. Tarizi ya kifuani imeshonewa humo humo, ni kanzu yenyewe. Saa ya mkononi ndiyo pambo.

Kwa kitenge chako chenye rangi nyingi, mimi ningechukua mkoba wa lubugo, kile kitambaa kinachopondwa kutoka gome la mti wa mutuba. Rangi yake ya udongo mwekundu haigombani na ua lolote la kitenge. Shanga za karatasi wanazotengeneza akina mama wa Kireka, pembeni mwa Kampala, ni nzuri mno, lakini zivalie gauni la rangi moja zionekane.