Jina la mtoto wa kiume litakatwa tu, kwa hiyo chagua mwenyewe pa kulikatia

Msomaji mmoja mwenye ujauzito wa miezi saba ameniandikia. Yeye na mumewe wamekubaliana kwamba mtoto wao wa kiume ataitwa Abdulrahman. Mawifi nao wameshaanza kumwita Dula akiwa bado tumboni, na hilo Dula mwenyewe hataki hata kulisikia. Anauliza afanyeje.

Nitamjibu, ila kwanza niseme jambo ambalo wazazi wengi hulipuuza. Wanakesha wakibishana juu ya jina la cheti, halafu jina ambalo mtoto ataitwa kila siku wanawaachia majirani. Jina refu halikai zima mdomoni mwa watu. Utalifupisha wewe mwenyewe ukiwa na haraka, watalifupisha ndugu zake, na wenzake wa darasani watamalizia kazi. Mara nyingi hubaki silabi mbili. Basi hayo majina mawili yachaguliwe kwa pamoja, siku hiyo hiyo.

Chukua karatasi, uliandike jina kwa silabi zake: Ra-ma-dha-ni, Se-le-ma-ni, Ra-shi-di. Sasa likate kwa njia mbili. Ya kwanza inachukua kichwa: Ramadhani anakuwa Rama, Selemani anakuwa Sele, Ibrahimu anakuwa Ibra, Benjamini anakuwa Benja. Ya pili inachukua mkia, na hii ndiyo inayowashtukiza wazazi. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio hudaka pale penye mkazo. Ndiyo maana Rashidi huishia kuwa Chidi na Abdulla akawa Dula. Mtoto wa miaka miwili hufanya hivyo hivyo bila kufundishwa: anaacha silabi za mwanzo, anang'ang'ania za mwisho. Kwa hiyo kama nyumbani kuna kaka au dada wa umri huo, mwambie alitamke jina mnalolifikiria. Litakalomtoka ndilo jina lenye nafasi kubwa ya kubaki, hasa kama jina kamili lina r, th au dh, sauti ambazo watoto huzichelewa.

Vipande ulivyovipata visome kwa sauti, kimoja kimoja. Je, kuna kinacholeta neno baya au la kuchekesha? Mbwana ni jina la heshima kabisa, lakini toa silabi ya mwisho uone kilichobaki. Je, kinafanana na jina la kike? Kuna vina pia: Hamisi na fisi hawajawahi kuachana uwanjani kwa watoto, wala hawataachana sasa. Kisha angalia herufi za mwanzo za majina yote matatu. Abeli Simoni Isaya ni majina mazuri, ila kwenye daftari yatasomeka A.S.I. Kama hakuna kipande hata kimoja unachoweza kukivumilia, achana na jina hilo. Usijidanganye kwamba utawakataza watu.

Sasa Abdulrahman. Kichwa kinatoa Abdu na Abduli, na huko ndiko Dula anakotokea. Mkia unatoa Rahmani, lakini wenye haraka wataidondosha ile ni ya mwisho, ibaki Rahma, ambalo ni jina la kike. Ningekuwa wewe, ningechukua Abdu. Ukipenda Rahmani, lazima walio karibu naye walitamke lote bila kulikata. Vyovyote utakavyochagua, anza leo. Wifi akiuliza, "Dula hajambo?" mjibu, "Abdu hajambo, wifi," halafu endeleeni na mazungumzo. Usigombe, usieleze sababu. Jina la utani likigombewa hunoga. Likikosa anayeliitikia, hupoa. Watoto huanza kulitambua jina lao kwa sauti wakiwa na miezi 4 hadi 5, na wanachokitambua ni kile wanachoitwa kila siku, hata kama cheti kimeandikwa kingine. Una muda, lakini si mwingi.

Kuna wazazi wanaodhani wanaweza kuukwepa mtihani huu kwa kuchagua jina fupi: Musa, Isa, Yona, Ali. Ni kweli hayakatiki kirahisi, na mimi nayapenda. Ila jina lisilokatika hutafutiwa kitu cha kando, mara nyingi umbo la mtoto: Bonge, Kibonge, Mfupi. Hayo yanachekesha kwa mtoto wa mwaka mmoja. Kijana wa miaka kumi na sita ambaye mama yake bado anamwita Kibonge mbele ya wenzake hacheki. Mpe kifupi cha hiari hata kama jina lake ni fupi, watu wapate cha kuchezea. Na Junia si jina la utani, ni uvivu wa wazazi. Baba na mwana wenye jina moja na ukoo mmoja hutofautishwa na tarehe ya kuzaliwa tu kwenye makaratasi, na karani aliyechoka haiangalii. Ukitaka kumpa jina la baba yake, hakikisha jina la kati ni tofauti, na nyumbani aitwe kwa hilo la kati.

Jaribio la sauti halichukui hata dakika tano. Mmoja aende chumba cha mbali, mwingine aite kwa sauti ya kawaida, ya haraka, kisha ya hasira. Jina linaloishia na a, e au o husikika mbali kuliko linaloishia na i au u, kwa sababu mdomo hufunguka zaidi. Kama ana kaka, waite wote wawili kwa mfululizo. Amani na Amini wanatofautiana kwa irabu moja tu. Ukiita kutoka jikoni watakuja wote, au asije hata mmoja.

Tahajia ndiyo inayogharimu zaidi. Watajie watu watatu jina hilo, kila mmoja aliandike bila kuuliza. Yusuf, Yussuf, Yusufu. Brian, Bryan, Brayani. Wakileta matatu tofauti, chagua tahajia iliyo rahisi kuliko zote uishikilie hiyo hiyo kila mahali. Herufi za mapambo, kama h ya ziada au y mahali pa i, hazimwongezei mtoto chochote isipokuwa kazi ya kutaja jina lake herufi kwa herufi maisha yake yote. Jihadhari pia na alama. Chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44. Majina yote hugawana nafasi 39 za mstari wa kwanza, na herufi zinazoingia humo ni A hadi Z tu. Ritifaa ya ng' inafutwa, kistari kinageuka pengo, na majina yakizidi nafasi hizo yanakatwa.

Siku ya kusajili, usimtajie karani jina kwa mdomo. Mpe karatasi yenye herufi kubwa, majina yakiwa kwa mpangilio unaoutaka, bila jina la utani, wala kwenye mabano. Akishaandika, soma herufi moja moja kuanzia mwisho kurudi mwanzo, maana jicho likisoma kawaida huona linachotarajia kukiona. Kosa lirekebishwe hapo hapo dirishani. Likivuka hadi kwenye vyeti vya shule, utahitaji hati ya kiapo kuthibitisha kwamba Yusuf na Yussuf ni mtu mmoja. Na usiisahau kadi ya kliniki: mara nyingi ndiyo huandikwa mwanzo, tena kwa haraka, na wanaokuja baadaye hunakili kutoka humo.