Chanjo ya HPV kwa mabinti: ni dozi moja

Umeuliza binti anachomwa mara ngapi chanjo ya HPV, kile kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi? Moja tu, dada. Ile ya pili ya baada ya miezi sita haipo tena kwenye ratiba. Tanzania ilianza 2018 na wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili, kisha 2024 ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, baada ya WHO kuridhia Desemba 2022 kwamba moja inakinga vizuri. Binti anayeishi na VVU ndiye anahitaji zaidi ya moja, mwulize muuguzi. Na haifungi kizazi jamani, hayo maneno yanatuumizia watoto bure. Sisi mama zao, kuanzia miaka 30 tukapimwe hiyo saratani ya mlango wa kizazi: wanapaka siki nyepesi, wanaangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Dakika chache umemaliza.