Futa hiyo dari ya boriti kabla mteja hajaiona

Mkuu, simama hapo hapo ulipofika. Umesema sebule ni ya mita 7 kwa 6, nyumba ya wageni ya Malindi, unataka dari ya boriti na ukuta wa zidaka wa Kilamu (vishubaka vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu), makochi ya Kivictoria, yaani ya Uingereza ya karne ya 19, taa na meza za Art Deco, mtindo wa miaka ya 1920 na 1930. Unauliza rangi gani ya mbao itaviunganisha vyote, utumie Blender au ubaki na SketchUp kuchora picha zako za kompyuta, na umtoze mteja shilingi ngapi. Nimeikuza picha uliyobandika nikaiangalia kona kwa kona. Achana na rangi ya mbao. Boriti zako zina urefu wa mita 6!

Boriti ni mkoko, unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi. Nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana mita 2.5 mpaka 3. Hakuna aliyeuchagua upana huo kwa kuupenda. Ndipo uwezo wa boriti unapoishia ikiwa imebeba mawe ya matumbawe na chokaa juu yake. Hata nyumba za kale za Ghuba ya Uarabuni, zilizoezekwa kwa mikoko iliyopakiwa majahazini kutoka pwani yetu, zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyo hiyo. Wewe umeishika modeli ya boriti kwa kipanya ukaivuta mpaka ukuta wa pili, na kompyuta imekubali kwa sababu haijui uzito.

Mimi kazi ya namna hii imeniponyoka ikiwa mkononi. Ukumbi mpana, dari ya boriti kutoka ukuta hadi ukuta, kiti cha enzi cha Kiswahili kando ya kochi la velveti, taa za shaba. Picha ilikuwa nzuri kweli, na hapo ndipo ubaya ulipoanza, maana mteja aliipenda hiyo picha, akalipa advansi, akaichapisha kubwa akaitundika ofisini. Kisha michoro ikafika kwa fundi, mzee wa Lamu ambaye kazi hiyo kairithi kwa baba yake. Hakutazama kochi wala taa. Aliweka kidole kwenye dari akaniuliza, "Mwanangu, mkoko wa urefu huu umeuona msitu gani?"

Tukajaribu kuokoa. Mhandisi akaweka mihimili ya zege, na boriti zikawa pambo la kupigiliwa kwa chini. Mihimili ya zege ina kina chake, kwa hiyo dari ikashuka. Dari iliposhuka, tao za milango zikakatika vichwa. Tukazishusha tao, safu ya juu ya zidaka ikakosa pa kukaa. Kila tulichogusa kilivuta kingine, na kila picha mpya iliyotoka ilikuwa mbovu kuliko iliyotangulia. Mteja akasema, na alikuwa na haki, kwamba hiki sicho alichokilipia. Advansi ikarudi, na vyumba vya kulala na jiko ambavyo vilikuwa vifuate akapewa mtu mwingine.

Anayeniuma mpaka leo ni yule mwalimu wa kozi ya mtandaoni niliyemlipa hela yangu nzuri, anayefundisha kwamba mitindo ni viungo vya pilau: asilimia 70 ya huu, 20 ya ule, 10 ya mwingine, koroga. Kozi nzima hakusema hata mara moja dari imebebwa na nini. Naona na wewe umeandika "70/20/10" kwenye uzi wako, na ndiyo maana nimeacha shughuli zangu kukuandikia. Anauza ujinga, na wanaolipa gharama ni watu kama wewe na wateja wako.

Kanuni ni hii: ganda la chumba liwe la zama moja, vinavyobebeka ndivyo vichanganywe. Ganda ni kuta, dari, upana, kimo, na matundu ya mwanga. Waswahili wenyewe walichanganya toka zamani: sahani za China kwenye zidaka, saa na vioo vya Ulaya ukutani. Chumba hakikupanuliwa ili kioo kiingie. Na Sultani Barghash alipotaka jumba refu lenye baraza pana pande zote, Beit al-Ajaib ya 1883 pale Unguja, baraza hizo zilisimamishwa kwa nguzo za chuma. Alibadilisha kibebacho kwanza, umbo likafuata.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, kubali ganda la zege la miaka ya 1930, ambalo Art Deco ni kwao, dari tupu isiyo na boriti hata moja, kisha leta kiti cha enzi na samadari (kitanda cha nakshi) kama fanicha. Ya pili, ambayo ningeichagua mimi, gawa zile mita 6 kwa ukuta wa tao wenye unene wa sentimita 50. Unabaki na kumbi mbili sambamba za mita 2.75 kila moja, na hapo boriti inafika bila kusema uongo. Ndivyo Lamu inavyofanya: kiwanda, yaani ua wa wazi, kisha msana, ukumbi unaoufungukia ua, kisha ndani, chumba cha nyuma kabisa.

Zidaka zako nazo umeziweka kando ya dirisha la kioo, ukuta ule ule. Ndiyo maana zimekuwa mashimo meusi. Mahali pake ni ukuta wa mwisho kabisa, unaotazama kiwanda, ili mwanga upenye msana na kuzipata kingo zake safu kwa safu. Zima pia hiyo picha ya anga ya mawingu ya Ulaya uliyopakua kumulika modeli. Malindi iko digrii 3 kusini ya ikweta. Adhuhuri jua liko karibu na utosi, linapiga sakafu ya kiwanda na kurukia ndani kutoka chini. Kwenye programu, chokaa usiipe weupe wa 1.0, yaani wa kurudisha mwanga wote, ishushe hadi 0.8, la sivyo mwanga utadunda mpaka nakshi zote zifutike. Na kingo za plasta zilainishe, kwani chokaa iliyosuguliwa kwa mkono haina ncha ya wembe.

Huo mlango ulioandikwa "Zanzibar" kwenye maktaba ya modeli una tao la Kimorocco. Utoe.

Sasa futa makochi yote, gawa ukumbi, renda (toa picha ya kompyuta ya) ganda tupu kwa kijivu bila tekscha yoyote, ubandike hapa leo usiku. Usimtumie mteja chochote mpaka nimeiona.