Orlando kwa hoteli mbili: tulivyofanya tulipokwenda na Mama

Watu wakisikia kwamba safari moja ya usiku 6 tulilala hoteli mbili, swali la kwanza huwa: "Kwani mlifukuzwa?" Hapana. Tulihama kwa hiari yetu, na tutahama tena. Ila kuna kuhama ukafaidi, na kuna kuhama ukajikuta umelipa hela nyingi ili ukae na mabegi kwenye sofa za mapokezi. Mimi nimeyaonja yote mawili.

Ninazungumzia Walt Disney World, kule Orlando, Florida. Asiyepajua asidhani ni uwanja mmoja wa mabembea. Ni bustani nne za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, Epcot ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kila moja ina lango lake na inakula siku nzima, na katikati yake kuna barabara kuu, maziwa, misitu na hoteli zaidi ya 20 za Disney wenyewe. Kutoka hoteli ya pembeni hadi bustani ya upande wa pili unaweza kukaa kwenye basi hata nusu saa. Ndiyo maana hoteli inayokufaa Jumatatu inaweza isikufae Alhamisi.

Sisi tunaishi Minnesota. Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga mwezi wa Novemba, na ilipofika Machi alikuwa amechoka kuitazama theluji dirishani. Tukasema twende naye kwenye joto: mimi, mume wangu, watoto wawili na yeye. Vyumba vingi vya kawaida kule ni vya watu wanne. Sisi watano, kwa hiyo vyumba viwili, na hapo ndipo hesabu ilipoanza kuuma.

Watoto walitaka mabembea. Mama alitaka pa kukaa tu. Nikamwonyesha picha za Animal Kingdom Lodge, hoteli yenye roshani zinazotazama mbuga, twiga na pundamilia wanapita chini. Akasema, "Twiga si tunao kwetu?" Kisha akaichukua simu, akavaa miwani, akaanza kuziangalia zile picha upya moja moja. Nikajua safari imeshabadilika.

Tatizo ni bei. Kwa tarehe zetu, usiku mmoja wa chumba kinachotazama mbuga ulikaribia bei ya usiku 3 za Pop Century, ambayo ni hoteli ya daraja la chini ya Disney. Vyumba viwili kwa siku zote ingekuwa ni kujikomoa. Tukagawa: usiku 4 Pop Century, usiku 2 Lodge.

Jinsi ya kugawa ndilo jambo lenyewe, na wengi wanakosea hapa kwa kugawa nusu kwa nusu kama wanagawana mkate. Chukua kalenda, andika kila siku utafanya nini, halafu jiulize chumba utakitumia saa ngapi. Siku ya Magic Kingdom unatoka alfajiri na kurudi baada ya fataki, watoto wamebebwa mabegani. Roshani ya twiga utaifungulia nani usiku huo? Unachohitaji ni kitanda safi na usafiri wa uhakika. Pop Century inavyo vyote viwili, maana hapo kuna kituo cha Skyliner, vile vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya tangu 2019, vinavyokupeleka Epcot na Hollywood Studios bila kugusa barabara. Mama alipanda mara ya kwanza amefumba macho na anasoma dua. Mara ya tatu alikuwa anachagua kiti cha dirishani.

Lodge, kwa upande wake, iko mbali na kila kitu isipokuwa bustani ya Animal Kingdom, na usafiri wake ni basi tu. Ukiifanya kituo chako cha siku zote za kukimbizana, utailaumu bure. Ni hoteli ya siku ambayo huna pa kwenda.

Anzeni na ya bei nafuu, mmalizie na nzuri. Ukigeuza, watoto wataingia hoteli ya pili wakiuliza twiga wako wapi, na wataendelea kuuliza mpaka uwanja wa ndege. Isitoshe, kufikia siku ya tano miguu ya watu wazima inakuwa imekwisha kazi.

Na hameni mara moja tu. Safari yetu ya kwanza kule, kabla Mama hajaja, tulilala hoteli tatu kwa usiku 5 kwa sababu nilikuwa nakimbiza bei. Moja ilikuwa nje kabisa ya eneo la Disney, imeandika kwamba ina basi la bure. Basi lilikuwepo kweli, ila safari chache tu kwa siku, na la mwisho lilirudi kabla ya fataki. Nilichookoa kwenye chumba nilikilipa kwenye teksi. Mume wangu bado ananiita mkimbizi.

Sasa siku yenyewe ya kuhama. Hii iheshimuni, maana saa 5 asubuhi mnatakiwa muwe mmetoka chumba cha kwanza, na chumba cha pili kinaanza saa 9 alasiri. Kwa muda wa saa nne hamna kwenu. Kwa vijana si kitu. Kwa mama wa miaka 71 aliyezoea kujinyoosha baada ya chakula cha mchana, ni mtihani.

Mizigo haitakusumbua. Ukihama kutoka hoteli moja ya Disney kwenda nyingine, asubuhi unayakabidhi mabegi kwa wahudumu wa mizigo, unawatajia jina na hoteli unayokwenda, nao wanayapeleka bila malipo. Bakshishi ya dola moja mbili kwa kila begi ni uungwana. Lakini mabegi hayafiki papo hapo, yahesabie alasiri au jioni. Chochote mtakachokihitaji kabla ya hapo kiwe mkononi.

Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimewaandikia watoto orodha: koti la mvua, chaja, nguo za kuogelea. Saa 7 mchana, tumekaa tunakula, Mama anauliza kwa upole, "Kile kimkoba changu cha dawa kiko wapi?" Kilikuwa ndani ya sanduku kubwa la bluu, nililolifunga kwa mikono yangu, na sanduku liko njiani mahali fulani. Dawa za sukari, anameza na chakula. Mume wangu akasimama, anapiga simu hoteli ya kwanza, mimi napiga ya pili, binti yangu anatafuta duka la dawa kwenye ramani. Tumehangaika vizuri dakika 10. Mama ametutazama, amemaliza wali wake, akafungua fundo kwenye pindo la kanga. Mlikuwa na noti ya dola 20 iliyokunjwa mara nne na vidonge viwili vimefungwa kwenye karatasi. Akameza kimoja na maji. "Nyinyi na simu zenu," akasema.

Kuanzia hapo dawa hazikai begini.

Hizo saa nne tulizimaliza hivi, na hili ndilo ninaloliona bora kuliko yote niliyoyaandika hapa. Hakuna basi linalotoka hoteli moja ya Disney moja kwa moja hadi nyingine. Lazima upite kwenye bustani mojawapo au Disney Springs, kule kwenye maduka, ubadilishe. Basi siku ya kuhama ifanye iwe siku ya bustani iliyo jirani na hoteli ya pili. Asubuhi tulitoka Pop Century kwa basi la Animal Kingdom tukiwa na mikoba midogo tu, tukaingia mapema, kwa kuwa wageni wa hoteli za Disney wanaruhusiwa nusu saa kabla ya wengine, hata siku ya kutoka. Tukapanda Kilimanjaro Safaris, lile gari la kuwazungukia wanyama, wakiwa bado hawajakimbilia kivulini. Bustani hii kwa kawaida hufunga mapema kuliko zile nyingine, kwa hiyo hupotezi usiku wowote. Alasiri tukachukua basi fupi hadi Lodge, namba za vyumba zimeshaingia kwenye simu, na simu hiyohiyo ndiyo inayofungua mlango. Mama, ambaye kwa ruhusa ya msafiri alikuwa hajasali adhuhuri, alijumuisha na alasiri chumbani, akalala.

Kwenye bustani hiyo kuna kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe, kwa e moja, waliokijenga waliiga Lamu. Kuta zimechubuliwa kwa makusudi, mabango ya Kiswahili, mwaka 1961 umeandikwa hapa na pale kama mwaka wa uhuru wa kijiji. Mama aliugusa ule mwaka kwa kidole, maana ni uhuru wetu Tanganyika, anaukumbuka kwa kusimuliwa. Kisha akatazama huku na huku akatoa hukumu: "Hii Lamu, ila imekosa punda."

Lodge nako ni Kiswahili mtindo mmoja. Jengo tulilolala linaitwa Jambo House, la jirani Kidani Village. Mgahawa mmoja unaitwa Jiko, mwingine Boma, duka linaitwa Zawadi, bwawa la kuogelea Uzima. Mbuga iliyokuwa mbele yetu inaitwa Arusha. Kwa mtu wa kwetu kuna raha yake na kichekesho chake, kuulizwa na mhudumu kama unajua maana ya "jambo".

Hapa tulibana kidogo. Vyumba viwili, lakini kimoja tu ndicho tulichokilipia kinachotazama mbuga, tukampa Mama na binti yangu. Sisi wengine tulichukua cha bei ya chini, ukifungua pazia unaona maegesho ya magari. Havikuwa jirani, tulitembea korido ndefu kweli. Ila kila asubuhi wote watano tulikuwa kwenye roshani moja, wawili wamekaa, watatu wamesimama, chai kwenye vikombe vya karatasi.

Asubuhi ya kwanza niliwakuta Mama na binti yangu nje kabla jua halijachomoza vizuri, wamejifunga kanga moja mabegani. Chini walikuwa wanapita ng'ombe wenye pembe ndefu zile za Ankole, polepole, mmoja anajikuna kwenye jiwe. Mama akanong'ona bila kugeuka, "Yaani tumekaa kwenye ndege kwa saa tatu na nusu kuja kuangalia ng'ombe wa Karagwe." Lakini hakuondoka pale mpaka saa 3. Siku hiyo hatukwenda bustani yoyote, na hatukulipia tiketi ya siku hiyo. Jioni tulikula Sanaa, kule Kidani, wanakoleta mikate ya Kihindi na vichovyeo tisa. Mama alionja chatne ya ukwaju, akaivuta bakuli upande wake.

Kama shida yako ni kuwaona twiga tu, si lazima ulale. Mtu yeyote anaweza kwenda Lodge, akala, akasimama nyuma ya ukumbi wa mapokezi akawatazama bila kulipa kiingilio. Nasema hivi ili usije ukaniambia nilikuingiza gharama. Na kama safari yenu ni ya usiku 3, au mna mtoto mchanga na vifaa vyake vyote, kaeni hoteli moja mtulie.

Kuhusu kuweka nafasi: hoteli mbili ni nafasi mbili, kila moja na malipo yake ya awali na tarehe yake ya mwisho ya kubadilisha mawazo, ziandike zote mbili. Tiketi za bustani zinunueni mara moja, kwa safari nzima, peke yake. Tiketi ya siku 4 kwa hesabu ya kila siku ni nafuu kuliko mbili za siku mbili mbili, na ukikubali kununua vifurushi viwili vya chumba na tiketi umeshaumia. Halafu ziunganishe nafasi zote kwenye programu yao ya simu kabla hujatoka nyumbani. Kutoka uwanja wa ndege jitegemeeni, yale mabasi ya bure ya Disney yaliisha mwanzoni mwa 2022.

Wenye watoto wakubwa wanaopenda treni za kupinduka, ujanja wa hoteli mbili una tija zaidi upande wa pili wa mji, kwa Universal, washindani wa Disney wenye bustani na hoteli zao. Kule hoteli tatu za juu, yaani Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, zinawapa wageni wake Universal Express, pasi ya kupita foleni fupi kwenye bustani mbili za zamani, kuanzia siku ya kuingia hadi siku ya kutoka. Soma tena hapo. Usiku mmoja, pasi siku mbili. Dada yangu alilala na wanawe usiku 3 Endless Summer, hoteli yao ya bei nafuu yenye vyumba vya familia vya watu sita, halafu usiku mmoja Royal Pacific. Alifika mapokezi asubuhi na mapema, akaacha mabegi, akachukua pasi, ingawa chumba ni mpaka saa 10 alasiri. Foleni zote ndefu walizipanga siku hizo mbili. Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025, haimo kwenye pasi hiyo, kwa hiyo iweke siku za hoteli ya bei nafuu.

Mama amesharudi Tanga. Bado hatujamwambia ile roshani ilikuwa bei gani, na mume wangu amejiandaa: akiulizwa, atasema tulipata punguzo.