Jibu: Harufu ya dampo Bridgeton, ndo mionzi?
Pole sana dada, nakuelewa, nimekaa upande huu wa St. Louis, Missouri, hapa Marekani, miaka kadhaa. Umeuliza kama ile harufu ya dampo la Bridgeton inayoingia ndani usiku ndo mionzi, na moto wa chini ya dampo ukizifikia taka za mionzi itakuwaje.

Mionzi haina harufu. Unachonusa ni gesi za taka zinazoungua polepole chini kwa chini bila miali, tangu mwisho wa 2010. Taka za urani ziko dampo la jirani, West Lake, zilimwagwa 1973 zimechanganywa na udongo kama kifusi tu, zaidi ya tani 40,000, na zimetoka kwenye kiwanda kilichosafisha urani ya mabomu ikiwemo ile ya mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga, Kongo, yaani udongo wa kwetu, inaniuma kila nikipita pale. Hofu ni joto kufika huko na moshi kubeba vumbi lake. Si hofu ya bure, kaunti yenyewe iliandika mpango wa dharura, na 2018 EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, iliamua sehemu ya taka hizo zichimbuliwe ziondolewe.

Wewe anza na ramani, pima umbali toka mlangoni kwako. Halafu andika kila harufu ikija, mimi naandika kwenye kalenda ya jikoni: "Jumanne saa 5 usiku, upepo wa kusini, mayai viza, mtoto kichwa kinamuuma". Daktari alianza kunisikiliza nilipomwonyesha hiyo kalenda. Usiku wa harufu funga madirisha, na mtoto akibanwa kifua mpeleke hospitali usingoje asubuhi.