Nyaya ya DisplayPort kwenda HDMI

Ndugu, umesema kompyuta yako ya mitumba ina matundu ya picha ya VGA na DisplayPort nyuma, ekrani ina ya VGA na HDMI. Usihangaike: ukipita Birere, pale Goma, omba waya wa DisplayPort kwenda HDMI. Lakini mwambie muuzaji wazi kwamba DisplayPort ni upande wa kompyuta, HDMI ni upande wa ekrani. Nyaya hizi za kawaida zinapeleka picha upande mmoja tu. Ukichukua wa kinyume, vichwa vitaingia vizuri kabisa na ekrani itabaki nyeusi, halafu utaanza kulaumu kompyuta bure.

Angalia kichwa kabla ya kulipa. Cha DisplayPort kimekatwa pembe moja tu, cha HDMI kimebanwa pembe zote mbili za chini. Vingine vya DisplayPort vina kidude cha kubonyeza. Usivute kwa nguvu bila kukibonyeza, utavunja tundu.

VGA, ile ya pini 15 na skrubu mbili, ni ya mwaka 1987. Itafanya kazi, ila herufi zinaweza kufifia kidogo, na haipitishi sauti. Kama pesa haitoshi leo, anza nayo.

Na tafadhali, kama kompyuta ina kadi ya picha ya pembeni, yaani iliyoongezwa kivyake ndani, chomeka kwenye matundu ya kadi hiyo, yale yaliyo chini, si yale ya juu karibu na USB. Watu wengi wanarudisha waya mzima dukani kwa sababu ya hapo tu.