Re: Leseni ndo kwanza nimepata, nichukue Mark X au IST?

Hongera mkuu kwa leseni. Kwa hiyo milioni 12 uliyosema unayo, kati ya hizo Toyota mbili mi nakushauri IST ya cc 1300 (cc ni ukubwa wa injini), Mark X iache kwanza. Ile ni V6, yaani injini ya silinda sita, kuanzia cc 2500, na foleni ya Mbagala kila siku utashinda sheli, halafu mguu wa mtu aliyetoka kujifunza juzi haujazoea nguvu ile. IST ni fupi, kupaki rahisi, spea zimejaa Kariakoo na kila fundi anaijua.

Ila usinunue kwa kuangalia rangi aisee! Nenda na fundi wako, sio wa muuzaji, nendeni asubuhi injini ikiwa ya baridi, mkiwasha sikilizeni, kisha chomoa kile kijiti cha oili ya gia boksi ufute kwenye kitambaa cheupe uinuse, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua ondokeni hapohapo. Mimi niliidharau hiyo harufu, miezi miwili tu nikanunua gia boksi nyingine.

Chesisi namba (ile iliyogongwa kwenye bodi) ilingane na kadi ya gari, ulizia na madeni ya trafiki. Na usimalize hela yote kwenye gari, bakiza ya bima, tairi na sevisi ya kwanza.